Mcheri Wako Una Nini? Anza kwa Kuujua Ni Upi

Mtu akilalamika kwamba mcheri wake hauzai, majirani humjibu kwa mbolea. Mimi humjibu kwa swali: mcheri gani? Jina la cheri limebandikwa kwenye miti mingi mno. Kutozaa kwa mmoja ni ugonjwa, kwa mwingine ni upweke, na kwa wa tatu ndivyo ulivyoumbwa, hata ungeumwagia samadi ya zizi zima.

Jambo jingine la kukaa nalo kichwani ni kwamba mcheri hukawia kusema. Maua unayoyaona leo yaliumbwa kiangazi cha mwaka jana. Kidonda kinachotoka gundi sasa huenda kiliingia kwenye kovu la jani lililopukutika miezi sita iliyopita. Kwa hiyo katika dalili nyingi zilizo hapa chini itabidi urudi nyuma na kukumbuka hali ya hewa, mkasi, na maji ya mwaka uliopita.

## Sina hakika kama huu ni mcheri

Chukua tunda ulikate katikati. Mcheri wa kweli, ule wa jenasi ya Prunus, una kokwa moja tu, gumu na la mviringo. Ukikuta mbegu tatu zenye matuta, huo ni asirola (Malpighia emarginata). Tunda lenye mifuo kama boga dogo ni pitanga (Eugenia uniflora). Na likiwa limejaa mbegu ndogo mithili ya chembe za mchanga, una Muntingia calabura. Miti hii mitatu huitwa cheri kwa sababu tu matunda yake ni madogo na mekundu. Ni miti ya nchi za joto, haihitaji baridi, na ushauri wa kuanzia hapa kwenda chini hauihusu.

Kama hakuna tunda, tazama jani. Majani ya mcheri hukaa kwa zamu, moja huku na moja kule; asirola na pitanga huyapanga kwa jozi. Ukingo wa jani la mcheri una meno kama ya msumeno, na kwenye kikonyo, karibu na pale kinapoungana na jani, mara nyingi pana vipele viwili vyekundu. Wako wanaovikwangua wakidhani ni mayai ya wadudu. Ni tezi za mti wenyewe: hutoa maji matamu yanayovuta sisimizi, na sisimizi hao huwala baadhi ya viwavi. Viache.

Majira ya baridi, mti ukiwa mtupu, gome ndilo shahidi. Gome la mcheri mchanga ni laini, hung'aa kidogo, na limezungukwa na vistari vya mlalo vilivyotuna, ambavyo mti hupumulia. Mti wa plamu unaweza kuwa na vistari pia lakini haviko wazi hivyo. Maua yakishatoka shaka inaisha: ya mcheri yananing'inia kwenye vikonyo virefu, kadhaa kutoka jicho moja, ilhali ya pichi yamegandamana na tawi kana kwamba hayana kikonyo.

## Ni mcheri, lakini wa aina gani?

Mcheri mtamu (Prunus avium) ni mti mrefu, unasimama wima, na usipopogolewa hupita mita 10 bila shida. Majani yake ni makubwa, membamba kwa unene, yananing'inia kama yamechoka. Mcheri mchachu (Prunus cerasus) ni mfupi, mita 4 hadi 6, umejaa vitawi kama kichaka, na majani yake ni madogo, magumu kidogo, yanayong'aa na kusimama. Ukionja tunda huhitaji maelezo zaidi. Ndani ya wachachu kuna koo mbili: wenye maji meupe, kama 'Montmorency', na wenye maji meusi yanayotia doa nguo, kama 'Morello'.

Micheri ya maua ni habari nyingine. 'Kanzan' ina ua la waridi lililojaa petali ishirini na zaidi, na majani machanga yake ni ya rangi ya shaba. 'Somei-yoshino' ina petali tano, nyeupe zenye wekundu hafifu, nayo huchanua kabla majani hayajatoka. Ndiyo iliyoufanya mji wa Washington ujulikane kwa maua, baada ya Tokyo kuupelekea miche 3,020 ya micheri mwaka 1912. Ua likikaa kwenye mkia mrefu wenye maua madogo mengi, badala ya kichane kifupi, basi uko kwenye ukoo wa Prunus padus au Prunus serotina, ambao matunda yake ni madogo na makali mdomoni.

Tahadhari moja kwa wote: majani yaliyonyauka na mbegu iliyo ndani ya kokwa vina kemikali inayozalisha sianidi. Ukikata matawi, usiyatupe wanapofika mbuzi au ng'ombe.

## Mti umenawiri, hauchanui

Kwanza hesabu umri. Mcheri mtamu uliobebeshwa, yaani kuungwa, kwenye shina mama (shina la chini lenye mizizi) lenye nguvu huchukua miaka 4 hadi 7 kabla ya kuzaa. Kwenye shina mama la kudumaza kama Gisela 5 unaweza kuanza mwaka wa tatu. Uliotokana na kokwa uliyojipandia mwenyewe huenda ukakuweka miaka kumi, na tunda litakalotoka halitafanana na lile ulilokula.

Kama umri umetimia, tafuta baridi. Michipuo ya mcheri hulala, na haiamki vizuri mpaka ihesabu saa za kutosha za hali ya hewa iliyo chini ya takriban nyuzijoto 7. Aina nyingi za mcheri mtamu hutaka saa 700 hadi 1,200 kwa msimu. Wachachu wengi hutaka karibu na kiwango cha juu. Mti uliokosa baridi hujieleza wenyewe: macho yanafunguka kwa kuchelewa na bila mpangilio, majani yanatoka kwenye ncha tu huku tawi lililobaki likiwa tupu kama fimbo, na maua machache yanavutana wiki nyingi. Hapo hakuna dawa ya kunyunyizia itakayogeuza hali ya hewa. Dawa ni kubadilisha aina: 'Minnie Royal' na 'Royal Lee' hutosheka na saa 200 hadi 300, lakini zinategemeana, kwa hiyo upande zote mbili.

Chanzo cha tatu ni mkasi, na hapa ndipo kujua aina kunapolipa. Mcheri mtamu huzaa kwenye vijiti vifupi vilivyojikunja kando ya matawi ya miaka miwili na kuendelea. Kijiti kimoja huzaa kwa miaka mingi. Mcheri mchachu huzaa zaidi kwenye vitawi vilivyoota mwaka jana. Anayekata ncha zote za mcheri mchachu ili "usafishwe" anakata mavuno. Anayeng'oa vijiti vifupi vya mcheri mtamu akidhani ni takataka amefanya kosa lilelile kwa upande wa pili.

Na mti unaotoa machipukizi ya zaidi ya mita moja kila mwaka bila ua umeshiba naitrojeni. Acha mbolea, hata ile unayowekea nyasi za bustani, inayoufikia bila wewe kujua.

## Unachanua sana, matunda hayashiki

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi mti hauna ugonjwa wowote.

Kama ni 'Kanzan', furahia maua. Viungo vyake vya uzazi vimegeuka petali na vijani. 'Somei-yoshino' nayo, ingawa ua lake ni kamili, miti yote ni vipande vya mti mmoja, na mcheri huo haujichavushi. Msitu mzima wa aina hiyo peke yake utapukutisha maua bila kuacha tunda la maana.

Mcheri mtamu una tabia hiyohiyo. Aina nyingi hukataa chavua yake yenyewe, na hukataa pia chavua ya aina iliyo na jeni sawa za uzazi. Hapa watu wengi wananaswa: wanasoma kwamba mcheri unahitaji mwenzake, wanapanda 'Bing' na 'Lambert', wanasubiri miaka mitano, hakuna kitu. 'Bing', 'Lambert' na 'Napoleon' wako kundi moja. Kwa kuchavushana ni sawa na mti mmoja uliopandwa mara tatu. 'Bing' apewe 'Stella' au 'Van', nao wachanue kwa wakati mmoja, umbali usizidi mita 30 hivi. 'Stella', iliyotolewa Kanada mwaka 1968, hujichavusha yenyewe, kama 'Lapins' na 'Sweetheart' zilizofuata. Ukiwa na nafasi ya mti mmoja tu, chagua katika hizo.

Mcheri mchachu kwa kawaida hujitosheleza. Kwa hiyo 'Montmorency' iliyochanua bila kushika tunda usiitafutie mwenza. Tafuta jalidi au ukosefu wa nyuki.

Jalidi hupimwa kwa wembe. Asubuhi baada ya usiku wa baridi kali, pasua maua kumi kutoka pande mbalimbali za mti. Sehemu ya katikati, pale tunda lingeanzia, ikiwa kijani, ua li hai. Ikiwa nyeusi au kahawia, limekufa, hata kama petali bado ni nyeupe na nzuri. Ua lililofunguka huanza kufa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, na likipoa mpaka nyuzi 4 chini ya sifuri hubaki machache. Nyuki nao huruka kidogo sana chini ya nyuzi 13, na mvua ikinyesha hawatoki kabisa.

Ukitaka kuthibitisha kwamba tatizo ni mwenza, msimu wa maua omba matawi yaliyochanua ya aina inayopatana, yatie kwenye ndoo ya maji chini ya mti wako. Nyuki watafanya kazi. Matunda yakishika mwaka huo, una jibu, na unaweza kubebesha tawi moja la aina ile kwenye mti wako badala ya kupanda mti mzima.

## Matunda yameshika, kisha yakaharibika

Vitunda vya kijani vinavyoanguka wiki chache baada ya maua ni vile ambavyo havikuchavushwa au ambavyo mti umeona hauwezi kuvilisha. Si jambo la kukukosesha usingizi, isipokuwa vikianguka vyote.

Cheri mapacha, mbili zilizogandana kwenye kikonyo kimoja, huwatia watu hofu ya dawa na mionzi. Chanzo ni joto la kiangazi kilichopita: matumba yalipokuwa yakiumbwa hewa ilipita nyuzi 30, na baadhi yakaumbwa na ovari mbili. Zinalika. Kama hutokea kila mwaka, kivuli cha wavu katika wiki za joto baada ya mavuno hupunguza.

Matunda yakipasuka siku za mwisho, ni mvua. Maji hupenya ganda la tunda lililojaa sukari, na ganda halina pa kutanukia. Mwagilia kwa kiasi kisichobadilika na uweke matandazo, lakini tusidanganyane: mvua ya wiki ya mavuno huzuiwa na paa la plastiki tu. 'Bing' hupasuka upesi. 'Lapins' huvumilia zaidi.

Funza ndani ya tunda, tofautisha wawili. Nzi wa cheri wa jenasi ya Rhagoletis huweka kwa kawaida funza mmoja kwa tunda, mnene, na hushuka ardhini kulala mpaka mwaka ujao. Drosophila suzukii, nzi mdogo aliyeenea Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuanzia mwaka 2008, ana msumeno kwenye mkia na hupasua tunda lililo zima bado. Ndani utakuta vijifunza kadhaa vyembamba, na kizazi kimoja hukamilika kwa wiki mbili hivi. Kuwabaini, loweka matunda machache kwenye maji ya chumvi kwa robo saa, watatoka wenyewe. Kwa wote wawili, vuna mapema na usiache hata tunda moja chini. Wavu wa kumzuia yule mdogo lazima tundu lake lisizidi milimita 1, ufungwe baada ya maua kuisha ili nyuki wawe wamekwishamaliza kazi.

Maua yaliyonyauka na kubaki yamening'inia, baadaye matunda yanayooza kahawia yenye vumbi la kijivu, kisha yanakauka mtini kama zabibu kavu: hiyo ni kuvu ya Monilinia. Matunda yaliyokauka ndiyo ghala yake. Yatoe yote, pamoja na kitawi kilichokufa, kabla ya maua mapya.

Kuna dalili moja ambayo sipendi kuiona. Tawi moja, wakati wa mavuno, linabeba cheri ndogo, zilizopauka, zisizo na ladha au chungu, huku matawi mengine yakiiva vizuri. Virusi vya cheri ndogo au fitoplazma (aina ya bakteria waishio ndani ya utomvu) ya ugonjwa wa X hufanya hivyo, navyo huenezwa na wadudu wafyonzao utomvu. Havina tiba. Kukata tawi lile hakusaidii. Mti mzima unang'olewa ili ulio jirani upone.

## Majani

Yamejikunja kwenye ncha, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka: vidukari weusi. Puliza maji kwa nguvu, uzungushe utepe wa gundi kwenye shina kuwazuia sisimizi, kisha uwaachie wadudu kobe.

Yamebaki nyuzi tupu kama wavu, na juu yake pana vidudu vyeusi vyenye ute kama konokono asiye na gamba. Ni buu wa Caliroa cerasi. Majivu makavu huwakausha.

Madoa madogo ya zambarau, kisha jani linakuwa la njano na kuanguka katikati ya kiangazi: kuvu ya Blumeriella jaapii, inayompenda zaidi mcheri mchachu. Hulala kwenye majani yaliyoanguka, kwa hiyo fagio lina kazi kubwa kuliko bomba la dawa.

Njano inayoanzia majani machanga, mishipa ikibaki kijani, ni ukosefu wa chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila pH, kipimo cha uchachu wa udongo, imepita 7.5 na mizizi haiwezi kukichukua. Njano inayoanzia majani ya zamani ni naitrojeni. Njano ya mti mzima pamoja na kunyauka huku udongo ukiwa na maji, soma sehemu ya mwisho.

Majani yenye rangi ya fedha yanahitaji msumeno. Kata tawi lililoathirika lenye unene wa kidole gumba au zaidi ulitazame likiwa bichi. Doa la kahawia katikati ya mti wa ndani ni kuvu ya Chondrostereum purpureum. Kata kurudi nyuma mpaka upite doa na uongeze sentimita 15. Pasipo doa, ni msongo tu wa ukame au njaa, na mti utapona kwa maji na matandazo. Kuvu hiyo huingia kupitia vidonda wakati wa unyevu, ndiyo sababu mcheri hupogolewa kiangazi siku kavu, hata kama miti yako mingine unaipogoa majira ya baridi.

## Gundi inatoka kwenye shina

Gundi ni jinsi mcheri unavyolia. Haikuambii umepigwa na nani. Tazama kilichochanganyika nayo. Gundi safi kwenye jeraha la panga au tawi lililovunjika haina neno. Gundi yenye unga wa mbao karibu na ardhi ni kiwavi atoboaye shina; mchokoe kwa waya laini. Gundi kwenye gome lililobonyea, lenye harufu chachu ukilichana, pamoja na vijiti vya matunda vilivyokufa karibu yake, ni bakteria Pseudomonas syringae. Kwangua gome mpaka upate ukingo wa kijani mzima pande zote, siku kavu, ukisafisha kisu kila mara. Dawa za shaba wakati wa kupukutika majani hupunguza maambukizi mapya, hazifuti ya zamani. Kidonda kikishalizunguka tawi, tawi limekwenda.

## Mti umebadilika, au umekufa ghafla

Mcheri wa maua uliokuwa unainama na sasa unatoa fimbo zilizosimama wima, au mcheri mtamu ulioanza kuzaa vijitunda vidogo vichungu, haujageuka. Shina mama limechipua kutoka chini ya ungo, pale miti miwili ilipounganishwa, na kuushinda mti uliobebeshwa. Fukua, ufuate chipukizi mpaka linapoanzia, ulinyofoe badala ya kulikata, maana likikatwa hurudi mawili.

Mti uliotoa majani vizuri kisha ukanyauka ndani ya wiki chache, anzia ardhini. Kwangua gome usawa wa udongo. Rangi ya kahawia yenye wekundu badala ya weupe wa kijani ni Phytophthora, kiini kinachoozesha mizizi, ambacho huja na maji yaliyotuama. Gome likiwa limetafunwa kuzunguka shina lote, ni panya waliojificha ndani ya matandazo yaliyosogezwa karibu mno. Yaache sentimita 15 mbali na shina. Na mti ukivunjika kwenye ungo, ukaacha sehemu laini kana kwamba umekatwa, shina mama na kilichobebeshwa havikupatana tangu mwanzo.

Kabla ya kupanda mwingine, chimba shimo la sentimita 40, ulijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena. Kama kesho yake bado kuna maji, pandisha tuta au utafute mahali pengine. Hata likikauka haraka, usirudishe mcheri kwenye shimo lilelile; sogea mita kadhaa, kwa kuwa viini vilivyouchosha mti wa kwanza bado viko humo vikingoja mizizi michanga.